Nyumba Iliyoachwa na Takataka



Mtu anunuapo nyumba hutazama kuta, mabati, milango na kiwanja. Huuliza mipaka, huita mashahidi, huhesabu fedha, na mwisho hupewa ufunguo. Siku hiyo moyo wake hufurahi. Lakini mara nyingi furaha yake huishia mlangoni. Afunguapo mlango hukuta majivu jikoni, masizi ukutani, matambara pembeni, chupa zilizovunjika uani, na shimo la choo limejaa. Wauzaji wamekwenda na fedha. Takataka wamemwachia yeye.

Jambo hili ni dogo machoni pa watu, lakini ndani yake mna mafundisho makubwa. Kwa maana mtu aliyekuta nyumba chafu hujaribiwa mara tatu. Kwanza hujaribiwa na hasira, imwambiayo: «Warudishie uchafu wao mlangoni kwao.» Pili hujaribiwa na uvivu, umwambiao: «Uchafu huu si wako, kwa nini uuondoe?» Tatu hujaribiwa na hofu, imwambiayo: «Walioondoka wamekuachia ubaya ndani, tafuta mganga.» Somo hili litaonyesha jinsi yampasavyo Mkristo kuzishinda zote tatu. Kisha litaonyesha kwamba nyumba hiyo ni mfano wa roho ya mkatekumeni mwenyewe.

I. Mfano wa nyumba ya kando ya ziwa

Watu wa Likasi wanalijua ziwa Tshangalele. Hapo kale ziwa hilo halikuwako. Mto Lufira ulizibwa kwa ukuta huko Mwadingusha, ili nguvu ya maji itoe umeme kwa ajili ya migodi na viwanda vya shaba, na mnamo mwaka 1930 maji yakatanda bondeni, ziwa likatokea. Tangu hapo wavuvi wamejenga kando yake, na samaki wao huliwa katika mji wa Likasi, ule ulioitwa Jadotville tangu 1931 hata 1966.

Basi chukueni mfano wa mtu na mke wake, wakatekumeni wa mwaka wa mwisho, wanunuao nyumba katika kijiji cha kando ya ziwa hilo. Ni Kwaresima, mvua ingali yanyesha, na Ubatizo wao umewekwa usiku wa Pasaka. Nyumba walinunua kwa wana wa mama mmoja mjane, ambao wanakaa Likasi. Walilipa mbele ya mkubwa wa kijiji na mashahidi wawili.

Walipofungua mlango walirudi nyuma kwa harufu. Chumba kimoja kilikuwa ghala ya samaki. Magamba na chumvi vilikuwa vimegandamana na sakafu. Chini ya mabati walilala popo, na mavi yao yalikuwa yamejaa juu ya kuta. Uani palikuwa na makopo, sufuria zilizotoboka na mtumbwi wa kale uliooza, vyote vimejaa maji ya mvua. Na juu ya mlango wa ndani palifungwa kifurushi cha kitambaa cheusi, kimezungushwa uzi, na ndani yake mna mzizi mkavu.

Mume akakasirika sana. Akasema ataazima mkokoteni, ayapeleke magamba yote Likasi na kuyamwaga mlangoni pa wana wa yule mjane. Kisha mtoto wao mdogo akashikwa na homa. Hapo jirani mmoja akaja, akakitazama kile kifurushi, akatikisa kichwa na kusema: «Sikuwaambia mapema. Yule mama aliwaachia dawa. Ng'ambo ya ziwa yuko mganga. Mpelekeeni mbuzi, atawaonyesha adui yenu.»

Mume akaanza kumtafuta mbuzi. Lakini mke wake akamwambia: «Baba, tulimwahidi Mungu kwamba mambo hayo tumeyaacha. Twende kwanza kwa mwalimu.»

Mwalimu, ndiye katekista wa kijiji, akawasikiliza hata mwisho. Hakuuliza habari za kifurushi. Akauliza: «Mtoto amekwisha kupelekwa zahanati?»

«Bado, mwalimu.»

«Basi, Mama, mchukue sasa hivi. Wewe, Baba, fuatana naye. Maneno mengine yatangoja.»

Huko zahanati wakampima mtoto damu, wakaona ni malaria. Akapewa dawa, na baada ya siku chache akaanza kucheza tena. Mwuguzi akawauliza kama nyumbani kuna maji yaliyosimama. Mume akakumbuka makopo na mtumbwi, akainamisha kichwa.

Waliporudi, mwalimu alikuwa amekwisha kuuliza kijijini habari za yule mjane. Akawaeleza: «Mama yule aliugua miezi mingi, hakuweza kusimama wala kushika ufagio. Usiku mmoja wanawe walimbeba kwenda hospitali, wala hakurudi tena nyumbani kwake. Na kifurushi kile kilifungwa na marehemu mume wake, aliyekuwa mvuvi, akitumaini kupata samaki wengi. Mjane hakukifunga yeye.»

Mume akanyamaza kitambo. Kisha akasema: «Mwalimu, kama ningalipeleka yule mbuzi, leo ningalikuwa nimemwita mchawi mama mgonjwa asiyenitendea neno.»

II. Haki ya mnunuzi na wajibu wa mwuzaji

Mtu asidhani kwamba Mkristo hana haki. Amri ya saba hukataza wizi, na kudanganya katika biashara ni namna ya wizi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa katika karne ya 13, alifundisha waziwazi habari hii. Mtu auzaye nyumba ibomokayo kana kwamba ni nyumba imara, au farasi kilema kana kwamba ni mwepesi, au chakula kilichoharibika kana kwamba ni kizuri, ametenda dhambi, tena yampasa kulipa hasara. Kasoro iliyofichika, iwezayo kumdhuru mnunuzi, mwuzaji hana ruhusa kuificha. Lakini kasoro ionekanayo na watu wote, kama farasi mwenye jicho moja, mwuzaji halazimiki kuitangaza, maadamu bei imepunguzwa kwa haki.

Basi aliyenunua nyumba ajiulize kwanza: Je, uchafu huu ulionekana nilipoitazama nyumba? Je, bei ilipunguzwa kwa ajili yake? Je, waliahidi kuifagia? Kama uchafu ulionekana na bei ikapunguzwa, amekwisha kulipwa. Afagie kwa amani. Kama waliahidi wasitimize, au kama walificha ubovu, anayo haki ya kudai. Lakini adai kwa utaratibu ambao Bwana wetu aliuweka katika Injili ya Matayo: kwanza amwendee ndugu yake peke yake, asiposikia, achukue pamoja naye mtu mmoja au wawili, baadaye tu apeleke neno mbele ya jamii. Aendaye kwanza kwa jirani kusengenya, na mwisho kwa mwuzaji kuuliza, amegeuza utaratibu wa Kristo juu chini.

Na wewe mkatekumeni ambaye siku moja utauza nyumba, kumbuka neno hili: fagia kabla ya kutoa ufunguo. Toa majivu, fukia mashimo, mwaga maji yaliyosimama. Mwambie mnunuzi mahali ambapo bati linavuja na ukuta ulioliwa na mchwa. Hakuna sheria ya mji itakayokulazimisha kuacha maua mlangoni, lakini upendo wa jirani hukutaka umtendee mgeni kama upendavyo kutendewa. Ufagio wa mwisho wa mwuzaji ni salamu kwa mtu atakayelala humo.

III. Kazi yenyewe

Mungu hakudharau habari za kuta na lipu. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, mna sheria nzima ya nyumba iliyoingiwa na uchafu wa kula kuta. Mwenye nyumba alipoona madoa ya kijani au mekundu, alimwendea kuhani. Kuhani aliagiza vyombo vyote vitolewe kwanza, kisha akaingia, akatazama, akaifunga nyumba siku saba. Akirudi na kuona madoa yameenea, mawe mabovu yaling'olewa, kuta zikakwanguliwa pande zote ndani, na mavumbi yakatupwa nje ya mji mahali palipowekwa. Ndipo yalipotiwa mawe mengine na lipu nyingine.

Tazameni hekima ya utaratibu huo. Kwanza kutoa, ndipo kutazama. Kwanza kukwangua, ndipo kupaka. Mtu apakaye chokaa juu ya masizi na ukungu atadanganya macho yake mwezi mmoja. Mvua ikija, doa litatokea tena. Karibu na Likasi, mahali paitwapo Kakontwe, pana mawe mengi ya chokaa. Chokaa ni kitu chema, lakini haifai kupakwa juu ya uchafu.

Wale watu wawili wa mfano wetu walifanya hivyo. Wakatoa vyote, hata mkeka wa mwisho. Wakamwaga maji ya makopo, wakapasua mtumbwi uliooza ukawa kuni. Mavi ya popo hawakuyafagia makavu, bali waliyanyunyizia maji kwanza na kujifunga kitambaa puani, kwa maana vumbi lake huweza kuumiza kifua. Magamba wakayakwangua kwa jembe, wakasugua sakafu kwa maji ya moto na sabuni. Wakaziba matundu chini ya mabati jioni, popo walipokuwa wamekwisha kuruka kwenda nje. Mwisho wakapaka chokaa.

Palibaki swali moja: takataka zitupwe wapi? Mume alitaka kuzimwaga ziwani, kwa maana ziwa liko karibu na maji hufunika yote. Mwalimu akamkataza. Ziwa Tshangalele nalo ni nyumba iliyoachiwa uchafu. Mito itokayo upande wa Likasi imeliletea kwa miaka mingi uchafu wa viwanda vya madini. Na wataalamu waliopima matope na samaki wa bonde la Lufira wamekuta humo shaba, kobalti na metali nyinginezo. Waliotajirika kwa shaba wengi wamekwenda zao. Mvuvi na mtoto wake wamebaki na maji. Je, mtu alalamikaye kwamba ameachiwa uchafu na wengine, naye awaachie wenzake uchafu wake? Ndiyo maana Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliuita ulimwengu nyumba ya wote, akawasihi watu wote waitunze. Basi wakachimba shimo mbali na kisima na mbali na ufuko, wakafukia humo kila kitu.

IV. Juu ya vifurushi na hofu

Kifurushi kile cheusi kilifanywa nini? Mwalimu hakukiogopa, wala hakukifanyia maneno mengi. Alisali Baba Yetu pamoja na watu wa nyumba, akakikata uzi, akakitia motoni mbele yao wote. Kikaungua kama matambara mengine yanavyoungua.

Wakatekumeni wajue vema neno hili. Amri ya kwanza humkataza mtu kuweka tumaini lake katika mizizi na hirizi. Nayo humkataza vilevile kuweka hofu yake humo. Mtu aogopaye hirizi ameiheshimu sawa na yule aliyeifunga. Tena mganga aonyeshaye adui hupanda mauti katika kijiji. Katika Kongo wazee wengi, wajane, hata watoto wadogo wamefukuzwa nyumbani mwao na kupigwa kwa sababu waliitwa wachawi, nao hawana kosa. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uwongo. Neno «mchawi», likisemwa juu ya mtu asiye na kosa, ni ushuhuda wa uwongo unaoweza kuua.

Mtoto akiugua, apelekwe zahanati, tena asaliwe. Vyote viwili vyatoka kwa Mungu, aliyewapa wauguzi akili zao.

V. Hekalu lililotakaswa

Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo chasimulia habari ya nyumba iliyo kubwa kupita zote. Mfalme Antioko Epifane alilinajisi Hekalu la Yerusalemu mwaka 167 kabla ya Kristo, akasimamisha ibada ya sanamu juu ya altare ya Mungu. Yuda Makabayo na ndugu zake walipopigana na kushinda, walipanda mlimani wakakuta patakatifu pako ukiwa, malango yameteketezwa kwa moto, na vichaka vimeota uani kama mwituni.

Walifanya nini? Walilia kwanza, wakararua mavazi yao na kujitia majivu. Kulia si dhambi. Mtu aliyekuta nyumba yake imeharibiwa ana ruhusa ya kuhuzunika. Lakini hawakukaa katika kilio. Wakachagua makuhani wasio na lawama, wakaondoa mawe yaliyonajisiwa, wakajenga altare mpya kwa mawe mazima, wakatengeneza malango na vyumba, wakawasha taa. Mwaka 164, siku ya 25 ya mwezi wa Kislevu, wakatoa sadaka tena, wakashangilia siku nane. Injili ya Yohana yasimulia kwamba Bwana wetu Yesu mwenyewe alikuwa Hekaluni katika sikukuu hiyo, wakati wa baridi, akitembea katika ukumbi wa Solomoni. Basi sikukuu ya kufagia nyumba ya Mungu aliihudhuria Mwana wa Mungu.

VI. Nyumba ya roho

Sasa, wapenzi Wakatekumeni, geuzeni macho ndani. Kila mtu azaliwaye huingia katika nyumba iliyoachwa chafu. Wazazi wa kwanza, Adamu na Eva, waliuza nyumba njema kwa bei ya tunda, wakawaachia wana wao dhambi ya asili. Mtu aweza kunung'unika maisha yake yote: «Si mimi niliyeichafua.» Ni kweli. Lakini manung'uniko hayajafagia hata chumba kimoja tangu dunia kuumbwa.

Kristo hakunung'unika. Aliinunua nyumba hiyo akijua uchafu wake wote, wala hakuomba bei ipunguzwe. Mtakatifu Petro afundisha kwamba watu hawakukombolewa kwa fedha wala dhahabu, bali kwa damu ya thamani ya Kristo. Alilipa bei nzima kwa nyumba chafu, kisha akaingia kuifagia kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya Ubatizo: maji huosha dhambi ya asili na kila dhambi nyingine, na neema ya utakaso hukaa ndani.

Kabla ya hapo Kanisa humtayarisha mkatekumeni taratibu, kama kuhani wa Walawi aitazamavyo nyumba. Katika Dominika ya tatu, ya nne na ya tano ya Kwaresima watakaobatizwa huchunguzwa na kusaliwa ili waokolewe na yule Mwovu. Usiku wa Pasaka humkataa Shetani na kazi zake, huungama imani, huoshwa, huvikwa vazi jeupe. Ndiyo kusema: hutolewa vyombo vya kale, hukwanguliwa kuta, ndipo hupakwa chokaa. Mkatekumeni afichaye chombo kimoja cha kale nyuma ya mlango, awe ni mwanamke wa pili, au deni asilotaka kulipa, au hirizi kiunoni, apaka chokaa juu ya masizi.

Tena Bwana wetu aliongeza neno la kutisha. Alisimulia habari ya pepo mchafu aliyetoka katika mtu, akatangatanga mahali pakavu, kisha akarudi akaikuta nyumba imefagiwa na kupambwa. Ndipo akaenda kuchukua pepo wengine saba waliomzidi uovu, wakakaa humo, na hali ya mwisho ya mtu yule ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Nyumba hiyo ilikuwa safi. Kosa lake lilikuwa nini? Matayo asema ilikuwa tupu. Haikuwa na mwenyeji.

Wanaokaa kando ya ziwa wanajua jambo hili. Nyumba iliyofagiwa na kufungwa bila mtu, baada ya masika mawili ina popo, mchwa na nyoka. Nyumba yenye watu, moto jikoni na ufagio kila asubuhi, hudumu. Vivyo hivyo roho iliyobatizwa bila sala, bila Misa, bila Kitubio, hurudiwa na wenyeji wake wa kale. Lakini roho ambamo Yesu amekaribishwa na kulishwa kila siku kwa sala na matendo ya huruma haina nafasi ya mgeni mwingine.

Wale wawili walibatizwa usiku wa Pasaka. Jumatatu yake walichukua samaki wakavu na unga, wakaenda hospitalini Likasi kumwamkia yule mama mjane. Walimwambia: «Shikamoo, Mama. Nyumba yako ni nzima. Tumeifagia.» Mama akalia, akasema aibu ya uchafu ule ilikuwa ikimwuma kuliko ugonjwa, kwa kuwa maisha yake yote hakuwahi kumwachia mgeni nyumba isiyofagiwa. Kisha Padri alipofika kijijini aliibariki nyumba ile kwa maji ya baraka, kama ilivyo desturi ya Kanisa.

Maswali ya kujiuliza

1. Mwuzaji ana wajibu gani mbele ya Mungu? — Asifiche kasoro iwezayo kumdhuru mnunuzi, atimize ahadi zake, na aiache nyumba kama apendavyo kuachiwa.

2. Mnunuzi aliyeonewa afanyeje? — Amwendee kwanza aliyemwonea, peke yake na kwa upole. Kisha pamoja na mashahidi. Mwisho mbele ya wakubwa. Asisengenye wala asilipe kisasi.

3. Mtu akikuta hirizi katika nyumba yake afanyeje? — Asiogope, asiende kwa mganga, asimtuhumu mtu; amwite katekista au Padri, asali, aiharibu.

4. Kwa nini haitoshi kuifagia roho mara moja? — Kwa sababu nyumba tupu humwita adui. Yapasa Kristo akae ndani yake siku zote.

5. Je, katika moyo wako mna chombo gani cha kale ambacho hujakitoa nje?

Sala

Ee Yesu, uliyetununua kwa damu yako tungali wachafu, ingia katika nyumba ya roho zetu. Utupe nguvu ya kuufagia uchafu ambao wengine walituachia, na moyo wa kuwasamehe. Utulinde tusiwaachie wenzetu uchafu wetu wenyewe. Ukae ndani yetu, wala usiondoke. Amina.